Wasomaji Wanauliza: Mwili Wenyewe Ndio Chuma

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja: kama mtu asiye na fedha za jimu, au asiyependa kwenda huko, anaweza kupunguza unene na kupata nguvu kwa kutumia uzito wa mwili wake mwenyewe. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa hali ya mwandishi wake ni hali ya watu wengi, na ninawaomba walioandika nyingine waisome nao.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 41, ninaishi Makorora. Nina kilo 92 na urefu wa sentimita 160. Kila asubuhi ninauza chai na vitumbua, kwa hiyo saa nyingi niko kwenye kigoda. Zahanati wameniambia nipunguze mwili. Jimu siiwezi kwa fedha na kwa haya. Nilijiunga na wenzangu wanaokimbia alfajiri kuelekea Raskazone, magoti yakavimba nikaacha. Sasa binti yangu ananionyesha kwenye simu mazoezi ya kujiinua sakafuni, nami hata moja siliwezi. Je, mazoezi haya yanamfaa mtu kama mimi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Yanakufaa, na pengine yanakufaa wewe kuliko hao vijana unaoonyeshwa kwenye simu, kwa sababu mwili wa kilo 92 ni mzigo wa kutosha kuyafanyisha kazi mapaja, kifua na mgongo bila kuongeza chuma hata kimoja. Kilichokushinda si zoezi. Ni ngazi uliyoanzia. Mtu anayepiga pushapu kamili, akiwa ameegemea viganja na vidole vya miguu, hubeba mikononi takriban theluthi mbili ya uzito wake, na kwako wewe hizo ni karibu kilo 60. Akiweka magoti chini, mzigo hushuka hadi karibu nusu ya uzito. Akiinua mikono na kuiweka juu ya kitu kirefu kama kibaraza, hushuka tena, na akisimama na kusukuma ukuta hubaki sehemu ndogo tu. Misuli inayofanya kazi ni ile ile ya kifua, mabega na nyuma ya mikono. Kinachobadilika ni mlalo wa mwili. Hii ndiyo siri yote ya mazoezi ya aina hii, na anayeielewa hahitaji kununua kitu.

Anza basi na ukuta. Simama hatua moja kamili kutoka ukutani, weka viganja usawa wa kifua, vikiwa vimeachana kidogo zaidi ya upana wa mabega. Kaza tumbo na makalio ili mwili unyooke kutoka kisigino hadi kisogo, kisha kunja viwiko polepole huku ukivuta pumzi mpaka pua ikaribie ukuta, na usukume kurudi huku ukitoa pumzi. Viwiko visitawanyike pembeni, viache virudi nyuma kuelekea mbavuni, kwani bega hupenda njia hiyo. Siku utakayoweza kufanya mara 15, ukapumzika dakika moja, ukarudia tena mara mbili bila kiuno kubonyea, hamia kwenye kibaraza cha saruji mbele ya nyumba. Ikiwa macho ya wapita njia yanakutia haya, meza nzito iliyoegemezwa ukutani huko uani itafanya kazi ile ile. Baadaye utashuka kwenye mkeka kwa magoti, na usione ajabu ikiwa safari hiyo itakuchukua miezi kadhaa.

Zoezi la pili ni kukaa na kusimama, ambalo wengine wanaliita skwati. Chukua kiti cha kawaida kisichoteleza. Panua miguu kiasi cha mabega, vidole vikielekea nje kidogo, sukuma makalio nyuma kana kwamba unatafuta kiti gizani, gusa ukingo bila kujitupa, kisha simama kwa kukanyaga chini kwa unyayo mzima. Magoti yafuate upande wa vidole na yasiangukie ndani. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote kwa wanaoanza. Mara za mwanzo unaweza kushika meza kwa mkono mmoja. Mapaja yakizoea, tafuta kiti kifupi zaidi, na kile kigoda chako cha biashara kiwe ngazi ya mwisho, maana kusimama kutoka kwenye kigoda polepole bila kushika kitu ni kazi inayowashinda hata vijana.

Mengine mawili ni mepesi kueleza. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, kanyaga chini, inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti, subiri kidogo, teremka. Hili huamsha makalio na mgongo wa chini ambao kukaa kutwa huulaza. Kisha egemea ile meza kwa mikono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, nyoosha mwili kama ubao, ubaki hivyo kwa sekunde 15 hadi 20 ukipumua kama kawaida.

Fanya mazoezi hayo manne siku tatu za juma zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, baada ya kupasha mwili moto kwa dakika tano za kutembea uani na kuzungusha mikono. Zunguka mara mbili kwa majuma ya mwanzo, kisha mara tatu. Kila zoezi liache pale unapohisi ungeweza kuongeza mara mbili tu, si zaidi, kwa sababu anayeacha mapema mno hampi msuli sababu ya kukua, na anayejimaliza siku ya kwanza haonekani siku ya pili. Mapaja yatauma kwa siku moja, mbili, hata tatu. Maumivu hayo ya misuli ni ya kawaida na hupungua kadiri unavyoendelea. Maumivu makali ndani ya kiungo ni jambo lingine, na hayo ni ya kusimamisha zoezi. Na hayo magoti yaliyovimba, kama bado yana uvimbe, yaonyeshe kwanza kwa daktari. Kukimbia huutua kila mguu kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa hiyo halikuwa zoezi la kuanzia kwako. Tembea badala yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Ukienda soko la Mgandini kwa miguu na kurudi, kwa mwendo wa mtu anayechelewa, badala ya kupanda bajaji, sehemu kubwa ya dakika hizo umeshazipata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawalipendi, nami siwezi kulinyamazia kwa sababu ndilo linalowakatisha watu tamaa. Mazoezi ya nguvu hujenga mwili, lakini mafuta huondoka zaidi kwa njia ya chakula. Mazoezi ya dakika 20 kwa mtu anayeanza huenda yakatumia kalori 100 au zaidi kidogo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu kama 4, kwa hiyo anayekunywa vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekunywa karibu kalori 190 za sukari tupu, na ameshafikia mara mbili ya vijiko sita ambavyo shirika hilo hilo linasema ni afadhali tusivizidi kwa siku. Nawe unakaa mbele ya birika na karai tangu alfajiri. Sikuambii uache biashara, na vitumbua ni riziki yako. Ninakuomba uhesabu vile unavyoonja, vile vilivyoungua pembeni unavyokula ili visitupwe, na kile kikombe unachojimiminia kila mteja anapoondoka. Vingi huliwa bila mtu kujua kwamba amekula.

Nyumbani, usianze kupika chungu chako peke yako, kwani hutadumu nacho. Kula wanachokula watoto, ila badilisha mpango wa sahani: nusu iwe mboga, mchicha au matembele au bamia, robo iwe samaki, dagaa au maharage, na robo iliyobaki iwe wali, ugali au bada. Ikiwa wali ni wa nazi, mboga isiungwe nazi siku hiyo. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila majuma mawili, ulimi utazoea. Ukipungua nusu kilo kwa juma umefanya vizuri sana, na hata kushuka kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito, ambazo kwako ni kilo tano hadi tisa, kunatosha kuleta nafuu inayopimika kwenye presha na sukari. Na hapa ndipo mazoezi yanapolipa deni lake: anayepunguza chakula bila kuyafanya hupoteza mafuta pamoja na misuli, akawa mwembamba asiye na nguvu, na uzito ukirudi hurudi kama mafuta. Wewe tunataka mafuta yaondoke, misuli ibaki.

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 24 kutoka Duga. Kila siku bila kukosa ninapiga pushapu 100 na ninainua kiwiliwili mara 200 ili kuondoa kitambi. Ni miezi mingi sasa. Kitambi kipo, kifua hakiongezeki, na bega la kulia limeanza kuuma mbele. Nimekosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, bidii yako ninaiheshimu, na ingekuwa dhuluma ipotee bure. Tumbo kwanza. Msuli unaofanya kazi hauli mafuta yaliyo juu yake. Mwili huyachota mafuta kutoka kila mahali kupitia damu, kwa mpangilio uliourithi, na kwa wanaume wengi tumboni ndiko yanakotoka mwisho. Kwa hiyo mara 200 zako zimeimarisha misuli iliyo chini ya kitambi, lakini kitambi chenyewe kinasubiri upunguze unachokula. Angalia chipsi mayai za usiku na soda kabla hujaongeza idadi.

Kifua hakikui kwa sababu hakijapewa mzigo mpya tangu ulipozoea zile 100. Anayeweza kupiga 50 mfululizo anafundisha ustahimilivu, si ukubwa. Punguza idadi, ongeza ugumu: weka miguu juu ya kibaraza na mikono chini, teremka kwa kuhesabu polepole hadi tatu, simama kidogo kifua kikiwa karibu na ardhi, kisha panda. Utashangaa kuona kumi zinakutosha. Na usifanye kila siku. Msuli hujengwa wakati wa kupumzika, kwa hiyo siku tatu au nne za juma zinatosha, mradi upate usingizi na chakula chenye protini. Kijana wa kilo 70 anayejenga mwili anahitaji kama gramu 110 za protini kwa siku, na huku kwetu dagaa, samaki, maharage, mayai na maziwa zinaifikisha bila kununua unga wa dukani.

Bega lako nadhani linalalamika kwa sababu unasukuma kila siku na huvuti kamwe. Kusukuma tupu huyavuta mabega mbele, na kano za bega, yaani nyuzi zinazoshika misuli kwenye mfupa, zikakosa nafasi ya kupita. Pumzisha pushapu kwa majuma mawili, kisha kila unaposukuma, vuta angalau idadi ile ile. Nenda kwenye uwanja wa mtaa wenye magoli ya chuma yaliyochimbiwa ardhini, na uyatikise kwanza kuhakikisha, kwa maana goli lisilofungwa chini likimwangukia mtu linaua. Ning'inia kwenye mtambaa wa panya, anza kwa kuvuta mabega chini bila kukunja viwiko, halafu ruka juu na kujishusha taratibu kwa sekunde tano. Kushuka ndiko kutakakokufundisha kupanda. Bega likiendelea kuuma usiku au mkono ukikosa nguvu, onana na daktari au mtaalamu wa viungo pale hospitali ya Bombo kabla ya kuendelea.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina miaka 58, mkazi wa Chumbageni. Nina presha, ninatumia dawa, na magoti yananiuma ninapopanda ngazi. Daktari anasema nifanye mazoezi, jirani yangu anasema kuchuchumaa kutaniharibia magoti kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa alaykum salaam, mzee wangu. Msikilize daktari. Goti lenye kuchakaa halilindwi kwa kulikalisha. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolipokea shinikizo, na ikilegea, kazi yote huangukia mfupa na gegedu. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wanene wenye magoti ya aina hiyo umeonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mtu akipunguza kilo tano, basi, goti limepumzishwa kilo 20 mara zote anazonyanyua mguu kwenda dukani na msikitini.

Jirani yako ana neno moja la kweli: kuchuchumaa hadi chini kabisa si kwako kwa sasa. Fanya lile zoezi la kiti nililompa mama wa Makorora, ukitumia kiti kirefu, na ukomee pale maumivu yanapoanza kupanda. Ongeza kupanda na kushuka kwenye kibaraza kifupi, kisichozidi upana wa kiganja kwa kimo, mguu mmoja baada ya mwingine, ukishika nguzo. Uchungu mdogo unaotulia kufikia kesho yake unavumilika, lakini goti likiamka limevimba, umezidisha.

Kuhusu presha, ninakusihi jambo moja kuliko yote: usibane pumzi. Mtu anapojikaza huku amefunga pumzi, presha hupanda ghafla, kwa hiyo toa pumzi kila unapoinuka, na yale mazoezi ya kukaa umejikaza kama ubao yaache mpaka daktari aruhusu. Pima kabla ya kuanza, na ikiwa umekaa umetulia kipimo kikasoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usifanye, rudi kliniki. Dawa za presha usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Mwenye kuzipunguza ni daktari. Na ukihisi kifua kubana, pumzi kukata kuliko kazi unayofanya, au kizunguzungu, simama hapo hapo na uende hospitali.

SWALI: Katika kikundi chetu cha mazoezi wapo wanaojifunga nailoni tumboni na kuvaa jaketi zito ili watoke jasho jingi. Mmoja amepungua kilo mbili kwa asubuhi moja. Je, ni njia sahihi?

JIBU: Si sahihi, na kwa hali ya hewa ya Tanga ni ya hatari. Kilo hizo mbili ni maji, na zitarudi akishanywa. Jasho ndilo linalopoza mwili, na hupoza linapokauka juu ya ngozi; hewa yetu ya pwani tayari ina unyevu mwingi unaolichelewesha kukauka, hasa miezi ya kaskazi, na anayeongeza nailoni juu yake anaufungia mwili joto ndani. Matokeo yanaweza kuwa kuzimia, na hata kifo. Vaeni nguo nyepesi, fanyeni alfajiri au baada ya alasiri, na maji yawe karibu. Wakati wa Ramadhani, saa ya mwisho kabla ya futari inafaa kwa kutembea tu. Mazoezi ya nguvu yasogezeni baada ya kufuturu, chakula kikiwa kimeshashuka.

Mwambieni huyo mwenzenu aache kujipima kila baada ya mazoezi. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa chumvi, maji na choo, na kwa wanawake hata kwa siku zao. Ajipime mara moja kwa juma, asubuhi ile ile, kabla ya kula na baada ya kwenda haja. Pamoja na mizani atumie tepu ya fundi cherehani, aizungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akitoa pumzi bila kubana tumbo. Kipimo kinachozidi sentimita 102 kwa mwanamume, au 88 kwa mwanamke, kinaonyesha hatari kubwa ya kisukari na maradhi ya moyo. Mara nyingi tepu hulegea mizani ikiwa bado imesimama, kwa sababu misuli inaingia wakati mafuta yanatoka, na katika majuma hayo aendelee na mpango wake bila kupunguza chakula zaidi.